Kasri za Unguja kwa daladala: anzia mbali, urudi mjini

Si lazima ukodi teksi kutwa ili uone majumba ya kifalme nje ya mji wa Zanzibar. Majumba matatu yapo kwenye njia moja, ya daladala namba 502 iendayo Bububu. Cha kuzingatia ni mpangilio: anza na la mbali kabla jua halijawa kali.

1. Kidichi. Panda 502 asubuhi mpaka Bububu, ukiwa na noti ndogondogo za nauli na kiingilio. Ukishuka, ifuate barabara ya kuelekea mashambani, kama kilomita 3. Bodaboda zipo, lakini nakushauri utembee, upite kwenye minazi na mashamba ya viungo.

Hapo Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimjengea mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, hamamu, yaani nyumba ya kuogea, mwaka 1850. Usiingie na kutoka papo hapo. Simama mpaka macho yazoee kiza, kisha zitazame kuta: maua na ndege waliochongwa kwenye lipu. Tafadhali usiwaguse, chokaa ile ni kongwe.

2. Mtoni. Rudi Bububu, panda gari la mjini. Mwambie konda kabla hujakaa: "Nishushe Mtoni, kasrini." Teremka upande wa bahari. Ndilo kasri la Seyyid Said alimozaliwa binti yake, Seyyida Salme, mwaka 1844. Zimebaki kuta na hamamu.

3. Maruhubi. Liko mbele kidogo ukielekea mjini. Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said aliyekuja kuwa sultani, alilijenga miaka ya mwanzo ya 1880, likaungua 1899. Ghorofa ya mbao iliteketea, nguzo nene za mawe zilizoibeba zikabaki. Simama katikati ya safu zake, uinue macho pale ghorofa ilipokuwa.

4. Dunga. Hili litengee siku yake, panda gari la Chwaka, namba 206. Ijumaa mchana magari hupungua kwa ajili ya sala, hivyo chagua siku nyingine. Wageni wengi hulipita, na inaniuma, kwani hapa hapakuwa pa sultani. Ni makao ya Mwinyi Mkuu Muhammad, mtawala wa Waunguja wenyewe, yaliyojengwa kati ya 1846 na 1856. Ngoma na siwa (pembe za kupuliza) zake za enzi zilihifadhiwa humu kabla ya kupelekwa makumbusho.