Mgeni wa kabila au nchi nyingine akihamia parokiani kwenu: namna ya kumpokea mpaka awe mwenyeji

Parokia nyingi za Dar zina kautaratibu kake. Kabla ya baraka ya mwisho padre anasema wageni wasimame, watu wanapiga makofi, kwaya inaimba karibuni karibuni, wanakaa, imeisha. Jumapili inayofuata yule yule mgeni yuko benchi la nyuma karibu na mlango na hakuna anayemjua hata jina. Kama we ni mwenyekiti wa jumuiya (kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumbani), uko halmashauri ya walei, au ni mama tu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, unayeona hapa kuna kitu hakiko sawa, haya ndo ya kufanya, na mengi hayahitaji hela.

Anzia kwenye jumuiya, sio kanisani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliposema mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndo kipaumbele walitaka Kanisa liwe la majirani, kwa hiyo mgeni anaingia jumuiya ya mtaa anaokaa, bila kujali katoka Bukavu, Bujumbura, Songea au Bukoba. Msiwaundie Wakongo "jumuiya yao", hata kama wao wenyewe wataiomba mwanzoni. Wakitaka kukutana kusali kwa lugha yao jioni moja kwa mwezi wapeni ukumbi, ila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wawe na majirani zao.

Chagueni familia moja, moja tu, iwe na huyo mgeni miezi ya mwanzo. Kazi yake ni kumpitia asubuhi waende wote jumuiya, kumuonyesha ofisi ya parokia inafunguliwa saa ngapi, kumwambia mafundisho ya komunyo ya watoto ni lini. Mkimwachia mgeni "jumuiya nzima" jueni hamjamwachia mtu.

Halafu kuna hili la kusali nyumba kwa nyumba. Mtu kapanga chumba kimoja, wapo watano, zamu yake inakaribia na anaanza kukwepa, nyie mnasema "huyu si mshiriki mzuri". Mwambieni mapema kwamba zamu yake inaweza kufanyika uani, au kwa jirani, na chai sio lazima. Michango nayo hivyo hivyo: usimpe mtu mwenye wiki mbili karatasi ya ujenzi, mavuno, sare ya kitenge na zawadi ya jubilei ya padre kwa mpigo, mpe bahasha ya zaka, mweleze inavyofanya kazi, mengine yatakuja.

Maswali ya kuuliza siku ya kwanza: jina, anakaa wapi, watoto wana sakramenti gani, kuna mgonjwa nyumbani? Basi. Mambo ya vibali na umeingiaje nchini hayatuhusu, jumuiya sio Uhamiaji. Na picha zake usizirushe kwenye grupu la WhatsApp la parokia kabla hujamuuliza, kuna watu wamekimbia vitu ambavyo hawatakusimulia. Wala usimuulize Mrundi au Mnyarwanda yeye ni "yupi", Mhutu au Mtutsi, na usidhani watu wawili wa nchi moja lazima watafurahi kukaa benchi moja.

Vyeti. Hapa ndo wengi tunawapoteza. Mtu anataka mtoto apate kipaimara, katekista anadai cheti cha ubatizo, na cheti kimebaki Ituri, Kongo, kwenye nyumba ambayo haipo tena. Kabla hujamrudisha nyumbani mpeleke kwa paroko. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inasema kuthibitisha ubatizo inatosha tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima, mradi hakuna anayedhulumiwa kwa hilo. Ndoa ni habari nyingine, ina maswali yake na inachukua muda, ila mtoto kukosa kipaimara kwa sababu ya karatasi iliyoungua hapana.

Utani. Sisi tumezoea, Mhehe na Mngoni wanarushiana maneno mpaka basi na hakuna anayenuna. Sasa mchukue mama kutoka Lubumbashi yuko kwenye msiba wake wa kwanza mtaani, mara anatokea jamaa analala mlangoni kulizuia jeneza, anadai alipwe ndo marehemu apite, na wafiwa wenyewe wanacheka! Mama wa watu anaganda, anadhani kuna ugomvi wa mirathi. Mtu amkalie karibu amweleze huyu ni mtani, ndo heshima yenyewe hiyo. Na upande wa pili, utani una wenyewe na umerithiwa, kwa hiyo kumtania mgeni lafudhi yake au jinsi anavyokula, mtu ambaye hana haki ya kukujibu, huo sio utani ni kumdhalilisha.

Kwenye liturujia watu huwa wanakimbilia ngoma. Wakongo wana ibada yao ya misa iliyopitishwa na Roma mwaka 1988, wanawakumbuka wahenga mwanzoni, toba inakuja baada ya mahubiri, halafu ndo amani inafuata, na Papa Fransisko aliiadhimisha na Wakongo wa Roma pale Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Nzuri sana, ila imepitishwa kwa majimbo ya kwao, msiinakili tu kwa sababu mmeiona YouTube. Vitu ambavyo paroko anaweza kuruhusu kesho ni vingi: ombi moja la waamini kwa Kirundi, wimbo wa komunyo wa Kilingala ambao kwaya imefundishwa na mwenye lugha, maandamano ya vipaji wakiongozwa na wao. Kalenda nayo inasaidia, Mwenyeheri Anuarite, sista wa Kongo, ni tarehe 1 Desemba, Bakhita msudani tarehe 8 Februari, na Floribert Bwana Chui wa Goma, yule ofisa wa forodha aliyeuawa 2007 kwa kukataa kupitisha chakula kibovu, ametangazwa mwenyeheri Juni 2025. Mwambieni mtu wa huko asimulie.

Kusoma somo: mpe Alhamisi, asome nyumbani, Jumapili apande na lafudhi yake. Kama watu wataguna, mwenyekiti aongee na wanaoguna.

Sasa lile ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Siku ya tamaduni mkiweka kila mwaka, fufu na sombe vikapikwa, vitenge vikavaliwa, mtafurahi, ila angalieni nani anapika na nani ameshika daftari la hela. Someni Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, watu wakalalamika, mitume hawakuandaa tamasha. Walisema chagueni watu saba wasimamie, na majina yaliyotoka, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Yaani mgao wenyewe ukaenda mikononi mwa watu wenye majina kama ya wale waliokuwa wanalia.

Kwa hiyo mgeni akishazoea mpeni kitu chenye uzito: uhazini msaidizi, kuandaa watumikiaji, kamati ya Caritas inayosaidia wahitaji. Kikao kifanyike Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, maana vipo vikao vinaanza vizuri halafu wakifika kwenye hela wazee watatu wanahamia kikwao na wengine wote mnabaki kuangalia dari.

Na muulizeni mapema kuhusu msiba, kwa utaratibu, akiwa mzima. Mwenzetu wa Moshi mwili unasafirishwa na tunajua tunachanga vipi, lakini aliyetoka Uvira kule Kongo labda hana pa kupelekwa, atazikwa hapa hapa, na nyimbo za mkesha anazozitaka hamzijui. Katibu aandike ndugu wa kupigiwa simu ni nani na yuko wapi, kwaya ijifunze japo nyimbo mbili.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ukifika, msingoje ajipendekeze mwenyewe, hawezi, anajiona bado yuko kwa watu. Mtu asimame amtaje jina.