Kuhamishia Faili za Ofisi Kwenye Hifadhi ya Pamoja ya Google Drive

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kusaidia ofisi moja ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, ambayo nyaraka zake za mizigo zilikuwa zimetawanyika katika akaunti za makarani. Ofisi iwe na Google Workspace, huduma ya Google ya kulipia kwa taasisi, kwa sababu akaunti ya Gmail ya binafsi haiwezi kuunda hifadhi ya pamoja (shared drive).

Hatua ya 1. Unda hifadhi na uongeze wafanyakazi. Makarani wawe wachangiaji, ambao huongeza na kuhariri faili bila uwezo wa kuzifuta. Mameneja wawili wanatosha.

Hatua ya 2. Shughulikia umiliki kabla ya kugusa mpangilio wa folda. Folda uliyoshirikishwa huonekana kama mali ya ofisi, lakini kila faili iliyomo ni ya akaunti iliyoiunda. Akaunti ya karani aliyeacha kazi ikifutwa kabla msimamizi wa Google Workspace hajahamisha umiliki, nyaraka zake huondoka nayo, na muda wa kuirejesha ni siku 20 tu. Katika hifadhi ya pamoja mmiliki ni taasisi yenyewe. Andika owner: na barua pepe ya mhusika kwenye kisanduku cha kutafutia, uone faili zake ulizoshirikishwa, kisha kila mmiliki azihamishe za kwake, kwa mafungu madogo. Faili inayomilikiwa na mteja wa nje itagoma kuhama. Tengeneza nakala, ukijua kwamba nakala hiyo haibebi historia ya matoleo. Kiungo cha faili iliyohamishwa hakibadiliki, ila ruhusa zilizorithiwa kutoka folda ya zamani hupotea, kwa hiyo orodhesha mapema wateja waliokuwa wakifungua folda zao, uwape ruhusa upya siku hiyo hiyo, la sivyo simu hazitakatika.

Hatua ya 3. Tarehe itangulie katika jina, mwaka ukiwa mwanzoni: 2025-03-14_TANSAD_kontena (TANSAD ni hati ya tamko la forodha la Tanzania). Faili zitajipanga zenyewe. Yale majina ya «ankara mwisho», «ankara mwisho kabisa» na «ankara mwisho mpya» yapigwe marufuku. Pakia toleo jipya juu ya faili ile ile kupitia sehemu ya kudhibiti matoleo. Kwa PDF, chagua toleo la zamani lihifadhiwe daima, kwani bila hivyo linaweza kufutwa baada ya siku 30.

Hatua ya 4. Folda ziwe za mwaka, mteja, kisha mzigo. Ngazi ya nne siikubali.

Kuanzia hapo, kwenye kundi la WhatsApp la ofisi tumeni kiungo, wala si faili yenyewe, kwa sababu kila PDF inayopakuliwa kwenye simu ni nakala nyingine ambayo hakuna atakayeisahihisha ankara ikibadilika.