Laptopu mpya: hakikisha ufunguo wa diski uko kwako kabla hujahifadhi kazi yoyote

Risiti, dhamana na chaja vikague hapo hapo dukani. Weka nywila. Hayo unayajua.

Usilolijua huenda ni hili: laptopu nyingi mpya zenye Windows 11, hasa kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, zinafunga diski zenyewe kwa usimbaji fiche (data inageuzwa isisomeke bila ufunguo), bila kukuuliza, mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kurejesha, yaani namba ndefu ya kuifungua diski mashine ikigoma, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo akaunti ya kwanza kuingia iwe yako. Muuzaji akisema "ngoja nikuandalie", mkatalie.

Mdogo wangu alinunua yake Kariakoo, na kijana wa dukani akaiwasha kwa akaunti ya Microsoft ya kwake mwenyewe ili mteja asikawie. Haikuleta shida yoyote mpaka umeme ulipoikaanga madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na fundi akaweka nyingine. Mashine ilipowaka ikaja skrini ya bluu inayodai ufunguo huo wa kurejesha: tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu 6. Nywila yake ya kila siku haikuwa na pa kuandikwa. Fundi akachomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine: inaonekana ipo, ina alama ya kufuli, haifunguki. Tulirudi dukani tukaambiwa kijana aliacha kazi, na namba yake haipatikani. Microsoft nao hawana namna ya kukutolea ufunguo mwingine. Madodoso yote ya utafiti wa uzamili wa mdogo wangu yalikuwa humo. Kilichopona ni sura mbili alizokuwa amemtumia msimamizi wake.

Fundi hakukosea. Ufunguo wa kila siku unakaa ndani ya chipu iitwayo TPM, na kwa laptopu nyingi chipu hiyo iko kwenye madabodi. Ukibadilisha madabodi, na wakati mwingine hata ukisasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), mashine inajiona iko mikononi mwa mgeni na kudai ufunguo wa kurejesha. Kabla ya kazi ya namna hiyo, sitisha usimbaji kwa muda au uzime, na usubiri umalize huku chaja imechomekwa.

Leo hii fungua Mipangilio, nenda Faragha na usalama, uangalie kama usimbaji fiche wa kifaa umewashwa. Kisha ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, uthibitishe ufunguo ni wa mashine hiyo, uuandike kwenye karatasi na kuiweka pamoja na vyeti vyako. Usiuache ndani ya laptopu yenyewe wala kwenye begi lake.

Laptopu ya ofisi? Ufunguo kwa kawaida uko kwa watu wa TEHAMA. Waulize kabla hujaacha kazi. Ukinunua iliyotumika, ifute yote uanze upya kwa akaunti yako. Na nakala ya kazi zako iwe kwenye diski ya nje, uifungue mara kwa mara uone kama inasomeka, na usimkabidhi fundi mashine kabla hujaitengeneza nakala hiyo, hata akikuambia ni kazi ya dakika tano.