Kubadilisha klachi ya Hilux nyumbani, na kwa nini flaiwili nayo lazima itoke

Wakuu, kushusha giaboksi watu wanakuogopa kuliko kazi yenyewe ilivyo. Ugumu wake ni uzito na uchafu, hamna uchawi humo ndani. Na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi inafungwa juu yake, nayo itatoka. Naongelea Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L, 3L na 5L zinazosukuma matairi ya nyuma tu, maana hizo ndio unaweza kuziweka uani ukamaliza mwenyewe na msaidizi mmoja mwenye mgongo mzima. Kama yako ni fowili mpangilio ni ule ule, ila propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye matairi) ya mbele na transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) nazo zinaingia kwenye hesabu na uzito unakuwa mwingine kabisa, hapo bila jeki maalum ya giaboksi usijaribu.

Kabla hujagusa bolti hata moja hakikisha tatizo ni klachi kweli. Klachi iliyoisha, ukikanyaga mafuta mlimani injini inapiga kelele ila gari haiongezi mwendo, na kuna harufu ya kuungua. Kupima: simama sehemu tambarare isiyo na mtu mbele wala nyuma, vuta hendibreki, weka gia namba 3, pandisha moto kidogo halafu achia klachi taratibu, klachi nzima itazima injini hapo hapo, ukiona injini inaendelea tu kunguruma basi pleti (sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) inateleza, na usirudierudie hilo zoezi maana unaiunguza zaidi. Lakini kama shida ni gia kugoma kuingia, hasa rivasi, na pedali inazama au imelegea, anza na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) na ile silinda ndogo ya chini iliyofungwa pembeni ya giaboksi. Funua mpira wake wa vumbi uone kama kumelowa mafuta ya breki. Kuna watu wameshusha giaboksi kumbe mgonjwa ni mpira wa silinda wa bei ya chipsi mayai.

Manunuzi: usinunue pleti peke yake. Chukua pleti, presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili) na rilizi beringi (inayosukuma hizo springi ukikanyaga pedali) kwa pamoja, ongeza pailoti beringi (ndogo, inashika ncha ya shafti ya giaboksi mwisho wa krenki), sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), breki klina, mafuta ya breki DOT 3 na oili ya gia 75W-90. Nenda dukani na namba ya chesisi na ya injini, kwa sababu Hilux hizi zinatofautiana saizi ya pleti, na kama huna haraka fungua kwanza ndo uende na ya zamani mkononi, linganisha kipenyo na uhesabu meno ya katikati. Kariakoo na Gerezani unaweza kuonyeshwa boksi linalofanana kwa bei mbili tatu, ile ya bei ya kushangaza wewe mwenyewe unaijua ni nini. Vifaa ni soketi za kawaida mpaka 19, ekstensheni ndefu na jointi yake ya kupinda, jeki mbili, stendi nne za chuma, toki renchi (azima kama huna), na kile kiplastiki cha kusentia pleti ambacho seti nyingine zinakuja nacho.

Gari ikae kwenye saruji, juu ya stendi. Tofali hapana, bloku linapasuka bila kutoa taarifa na wewe uko chini. Nyanyua vya kutosha kiasi kwamba giaboksi ikiwa juu ya jeki bado itapita chini ya bodi, watu wengi wanakwama hapo, wameshusha vizuri halafu haitoki. Vua terminali hasi ya betri.

Anzia ndani ya kebini. Toa mpira wa liva ya gia, utaona kikofia cha chuma kwenye shingo ya liva, kikandamize chini huku unakizungusha kinyume cha saa, liva inachomoka nzima. Ziba tundu na kitambaa safi. Shuka chini, mwaga oili ya gia, piga alama ya rangi kwenye flenji ya propela na difu ili irudi pale pale ilipokuwa, fungua propela uichomoe, kisha kebo ya spidomita, soketi ya taa ya rivasi, starta, na bracketi ya silensa kama inashika giaboksi. Silinda ndogo ya klachi ina bolti mbili, itoe na mpira wake bila kufungua paipu, ifunge pembeni kwa waya na mwambie kila mtu hapo nyumbani asikanyage pedali, hasa watoto wanaopenda kukaa kwenye usukani, maana pistoni itaruka nje na utaanza kutoa hewa mfumo mzima.

Sasa weka jeki ya kwanza chini ya sampu ya injini na ubao katikati, ya pili chini ya giaboksi, ndo ufungue krosimemba (chuma cha kukatiza kinachobeba giaboksi kwenye chesisi). Ukiishusha kidogo injini inalala nyuma na bolti za juu za kengele (kava la mbele la giaboksi linalofunika klachi) zinafikika kwa ekstensheni ndefu kutokea nyuma. Angalia feni isiguse shroudi na mipira ya rejeta isivutike. Bolti zina urefu tofauti, chora umbo la kengele kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti zote zikiisha vuta giaboksi nyuma ikiwa imenyooka, mmoja kwenye jeki mwingine anaiyumbisha kidogo kidogo mpaka shafti itoke. Kamwe isining'inie kwenye shafti.

Vumbi utakalokuta humo usilipulize kwa kompresa, pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto na hiyo kitu haitaki mapafu. Lowesha kwa breki klina ufute, uwe na barakoa.

Presha pleti ilegeze kwa msalaba, kila bolti mzunguko mmoja mmoja, ukitoa upande mmoja kwanza inapinda. Pleti ikidondoka mkononi itazame: ribiti zikiwa chini ya uso wa lainingi kwa pungufu ya milimita 0.3 imeisha. Ikiwa imelowa oili, basi pleti sio mkosaji, kuna sili inavuja, ya krenki au ya mbele ya giaboksi, na ukifunga mpya bila kurekebisha hilo umetupa hela.

Hapa ndio pale mafundi wa fasta fasta wanaharibu. Wanapiga msasa juu juu kwenye flaiwili, wanafunga pleti mpya, gari inaondoka, baada ya muda inaanza kutetemeka ukiachia klachi kwenye namba moja na mteja anaambiwa spea ni feki. Mara nyingi spea haina kosa. Flaiwili iliyoungua ina madoa ya bluu, pale chuma kimekuwa kigumu kuliko pembeni yake, na ina mikwaruzo na vinyufa vyembamba kama nywele, pleti mpya haiwezi kukaa sawa juu ya uso wa namba hiyo hata iwe ya Japani yenyewe. Na kwa sababu kazi yote ngumu ya kushusha ishafanyika, kuiacha kwa ajili ya zile bolti chache za katikati ni uvivu tu.

Kuifungua, zuia meno yake yasizunguke kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye tundu la bolti ya kengele, legeza bolti zote kwa msalaba na uache moja ya juu mpaka mwisho, kisha toa hiyo ukiwa umeishika vizuri, ni nzito na ikidondoka kwenye vidole utajua. Kama haina alama ya mkao wake piga alama kabla hujatoa. Peleka kwa wachonga vyuma wenye mashine wakuskimie uso wake. Waambie wachonge kidogo iwezekanavyo, tena kama flaiwili yako ina ngazi, yaani sehemu inapofungwa presha pleti iko juu au chini ya sehemu inapokaa pleti, ngazi zote mbili zichongwe kiasi kile kile, la sivyo mkandamizo unabadilika. Vinyufa virefu vilivyozama havichongwi, nunua nyingine. Angalia na meno ya starta. Na kwa wenye dizeli mpya za Ulaya zenye flaiwili ya vipande viwili na springi ndani, hiyo haiskimiwi kihivi, ikilegea inabadilishwa.

Flaiwili ikiwa nje, badilisha sili ya krenki, paka oili kwenye mdomo wake na igonge taratibu kuzunguka mpaka ilingane na ile ya zamani ilivyokaa. Pailoti beringi ikikataa kutoka, jaza grisi nyuma yake kupitia tundu, chomeka chuma cha mviringo kinachobana hilo tundu, gonga na nyundo, grisi inaisukuma yenyewe.

Kurudisha: futa uso wa krenki, nyuzi za bolti ziwe safi, kaza flaiwili kwa msalaba kwa awamu, na kipimo cha toki kifuate kodi ya injini yako, usikisie. Osha flaiwili na presha pleti mpya kwa breki klina, huwa wanaipaka mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, na baada ya hapo usiguse kwa mikono ya grisi. Pleti, upande wenye springi zilizotokeza unaangalia giaboksi. Isentie na kile kiplastiki, kaza presha pleti kidogo kidogo kwa msalaba mpaka 19 Nm, kama kilo 2 za toki renchi za zamani. Rilizi beringi funga mpya, grisi kidogo kwenye uma na kwenye meno ya shafti, nasema kidogo, ikizidi inarukia pleti.

Kupandisha giaboksi ndio utatoka jasho. Ingiza gia yoyote, zungusha shafti ya nyuma ya giaboksi kwa mkono huku mwenzio anasukuma ili meno yakutane. Ikibaki nafasi kidogo usivute kwa bolti, utavunja sikio la kengele au kupinda pleti, rudi nyuma usawazishe pembe ya jeki. Ikikaa flashi ndo unakaza bolti, unarudisha vingine kwa kurudi nyuma, na oili unajaza mpaka ichungulie kwenye tundu la pembeni gari ikiwa imelala sawa.

Pedali iwe na uhuru wa milimita 5 mpaka 15 kabla haijaanza kusukuma. Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito wala kuchezea klachi mlimani, harufu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Ukisikia mlio pale tu unapokanyaga pedali, hiyo ni rilizi beringi. Mlio ukiwepo gari ikiwa frii pedali imeachiwa, halafu unapotea ukikanyaga, hiyo ni beringi ya mbele ya giaboksi yenyewe, klachi uliyofunga haihusiki.