Nyumba za serikali kwa sisi wa kipato kidogo hapa Malindi: anza na karatasi zako

Kila baraza swali ni lile lile, kuanzia Shella mpaka Maweni, hizi nyumba za bei nafuu mtu wa kawaida anazipataje, na yule mama anayekaanga samaki jioni au kijana wa bodaboda kweli anaweza kushika ufunguo? Anaweza. Sheria imemuandikia nafasi yake, ila hiyo nafasi haitamfuata mlangoni, ni yeye aiendee na aiendee akiwa na karatasi mkononi, manake hapa kwetu Pwani wengi tuna haki ya mdomo tu, nyumba ni ya babu na mtaa mzima unajua lakini hakuna hata risiti moja.

Kwanza ujue pesa zinatoka wapi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kusema ule ushuru wa kwanza wa nyumba ulikuwa kinyume cha katiba, hiyo ilikuwa Novemba 2023. Mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine, na mwajiri naye anaweka asilimia 1.5 yake, KRA, ile mamlaka ya ushuru, inakusanya. Ukiwa unafanya kazi hotelini unalipwa 15,000, kwako inatoka 225 na kwa tajiri 225, na tajiri anatakiwa awe ashazipeleka ndani ya siku tisa za kazi mwezi ukiisha. Angalia peslipu yako vizuri, ukiona umekatwa 450 yote wewe, hapo umeonewa, ile nusu ya tajiri inatoka mfukoni mwake. Na ambaye hajaajiriwa, sheria inamtaka alipe hiyo hiyo 1.5 kwenye pato lake.

Lakini ukilipa ushuru huo usidhani umejiwekea akiba, wala haikupi nyumba moja kwa moja. Watu wanakatwa miezi na miezi wakingoja kuitwa, hakuna anayeitwa bila kuomba. Na kinyume chake pia, usiseme mimi sina peslipu basi hayo si yangu. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi amewekewa kundi lake kabisa, nyumba za kijamii, ndizo za bei ya chini zaidi, halafu kuanzia hapo mpaka 149,000 ni kundi la nyumba za bei nafuu zenyewe, juu ya hapo wako wengine ambao leo sizungumzi nao. Kwa hivyo ukijaza fomu usijipandishe kipato ili uonekane una uwezo, utajitoa mwenyewe kwenye kundi lako. Andika unachopata kweli. Mwenye biashara ya msimu, kama wanaotegemea watalii, chukua mapato ya mwaka mzima ukagawanye kwa kumi na mbili, usiandike ya Desemba peke yake.

Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya Boma Yangu, bomayangu.go.ke, unahitaji kitambulisho, namba ya simu yako mwenyewe na pini ya KRA, yaani namba yako ya ushuru. Nasema yako mwenyewe kwa sababu akina mama wengi laini imesajiliwa kwa jina la mtoto au la mume, halafu siku ujumbe ukija unaenda kwa mtu mwingine yuko Mombasa. Majina yafanane kila mahali, kama kwenye kitambulisho ni Mwanaisha na kwenye pini imeandikwa Mwanaisa, nenda karekebishe sasa, siyo siku ya kugawiwa. Na hiyo pini ina kazi yake, kila mwaka kabla ya 30 Juni lazima ujaze ritani, ile fomu ya kueleza pato lako, hata kama hukupata kitu, unajaza sifuri, usipojaza faini ya mtu binafsi inaanzia 2,000. Wako vijana wengi walichukua pini wakitafuta kazi hotelini wakaisahau, faini zinarundikana bila wao kujua. Kama huna simu ya intaneti nenda saiba lakini kaa pale mpaka amalize, nywila uandike wewe na uitunze wewe.

Ukishajiandikisha bado hujaomba. Hivi ni vitu viwili, na nahisi hapa ndipo wengi wetu tunabaki. Kujiandikisha ni kusema niko, kuomba ni kuchagua mradi fulani na aina fulani ya nyumba pale unapofunguliwa. Kwa hivyo rudi kwenye akaunti yako mara kwa mara. Mtu mmoja anaruhusiwa nyumba moja tu, na sheria inataka wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na waliotengwa wapewe kipaumbele, sasa mwenye ulemavu bila kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu atajieleza vipi? Kadi hiyo itafutwe mapema.

Amana, ile pesa ya kutanguliza, ndiyo kikwazo kikubwa. Sheria ya 2024 iliandika asilimia 10 ya bei ya nyumba, na kiwango cha mradi unaoutaka utakiangalia kwenye ukurasa wa mradi wenyewe kabla hujaweka pesa. Tuchukue nyumba ya milioni moja, asilimia 10 ni laki moja. Ukiweka shilingi mia kila siku, kwa mwezi ni 3,000, laki moja itachukua karibu miaka mitatu. Ni mirefu, lakini mtu aliyeanza 2024 sasa hivi hayuko mbali. Akaunti ya Boma Yangu inakuruhusu kuweka kidogo kidogo, au muweke kwenye sako yenu, au kwenye chama kama mnaaminiana na mna vitabu. Baadaye ni kulipa kila mwezi kama kodi mpaka nyumba iwe yako. Kule Mukuru, Nairobi, nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mei 2025 na chumba kimoja kilitangazwa 3,900 kwa mwezi. Piga hesabu na kodi unayolipa sasa, uone kama mwezi wa mvua ambao wageni hawapo utaweza, kwa sababu deni la nyumba halijui msimu.

Na jamani mtu asikuuzie nafasi. Kujiandikisha hakulipiwi. Aliyepata nyumba naye haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi kutoka kwa Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, kwa hivyo broka anayekwambia kuna mtu anaachia yake upesi kwa bei ya chini, huyo anakuuzia kesi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, manake wengi wetu hatutaki hata kuhama kwenda gorofani, tunataka pale tulipo pawe petu. Malindi kuna watu wengi wana nyumba bila ardhi, kuta ni zako, mabati au makuti ni yako, lakini kiwanja ni cha mtu unamlipa kodi ya ardhi, au ni cha serikali, au mwenyewe hajaonekana miaka mingi na watoto wake wako ng'ambo. Hii imeanza zamani, ile sheria ya kusajili ardhi Pwani ya 1908 iliwapa hati waliokwenda kudai, na waliokuwa wanaishi na kulima bila kudai wakabaki kama wageni kwenye mashamba yao. Mtu wa aina hii akienda kuomba msaada wowote wa makaazi anaulizwa hati, na hana.

Basi fanya hivi. Kila risiti ya kodi ya ardhi itunze, ukilipa taslimu bila risiti anza kulipa kwa simu ili ibaki alama. Makubaliano mliyoandikiana na mwenye kiwanja, hata kama ni karatasi ya daftari, itoe kopi mbili tatu, moja ikae kwa ndugu nyumba nyingine manake moto wa makuti haubagui. Piga picha nyumba nje na ndani. Bili za maji na stima ziwe na jina lako. Barua ya chifu kwamba umeishi hapo tangu mwaka fulani, iombwe wakati hakuna ugomvi, siku ya ugomvi kila mtu anaogopa kuandika. Na jina la mke liwepo, siyo la mume peke yake, nimeona wajane wakizunguka ofisi na ofisi kwa sababu ya hilo.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu upo mlango mwingine wa pesa za serikali ambao si wa gorofa, ni wa kuboresha mitaa. Malindi ilikuwa kwenye miji ya ule mradi wa kuboresha makaazi yasiyo rasmi, KISIP, ulioanza 2011 kwa pesa za serikali na Benki ya Dunia, kazi yake ni barabara za ndani, mitaro, taa na kupima viwanja watu wapate hati. Mradi kama huo ukija mtaani kwenu kitu cha kwanza ni kuhesabu watu, nani mwenye nyumba, nani mpangaji, mpaka uko wapi. Usikose siku hiyo. Kama uko safarini acha mtu mzima na kopi zako, kisha orodha ikibandikwa nenda kaisome mwenyewe, jina likikosekana andika malalamiko siku hizo hizo na uombe yagongwe muhuri.

Ikitokea mwenye ardhi akataka mtoke, msikubali kutolewa na tingatinga asubuhi. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu kwanza, na nyinyi mna haki ya kwenda kortini ndani ya muda huo, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapahapa Malindi. Notisi ikija andikeni tarehe mliyoipokea.

Pia kuna kaunti. Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makaazi yanayofaa, na jedwali la nne linaipa kaunti mipango ya maendeleo, upimaji ardhi na nyumba pia, kwa hivyo Kilifi haiwezi kusema hayo ni ya Nairobi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa bajeti kufikia 28 Februari, makadirio 30 Aprili, na 30 Juni imekwisha. Tukienda Juni kulalamika tumechelewa. Nendeni kabla ya Septemba na tena kabla ya Februari, muwe kikundi, na msiseme tunataka makaazi bora maana hilo halina laini kwenye bajeti. Semeni tunataka mtaa huu upimwe, tunataka mtaro kutoka pale mpaka pale, tunataka vyoo. Kiandikwe, kitiwe sahihi na wengi, kopi moja kwa MCA, mwakilishi wenu kwenye bunge la kaunti, moja kwa msimamizi wa wadi, moja mbaki nayo.

Na mkitaka kujua mradi fulani umefikia wapi au pesa zimeenda wapi, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inakubali Kiswahili, iko kwenye sheria yenyewe, na asiyejua kuandika ofisa anatakiwa amwandikie. Taja mradi, mwaka, na unachotaka kuona, mfano mkataba au orodha ya waliogawiwa, weka tarehe na ugongewe muhuri wa kupokea. Wana siku 21 za kujibu. Wasipojibu, peleka ile kopi yenye muhuri kwa Tume ya Haki za Utawala, ndiyo inayosimamia hiyo sheria.