Vioo vya Mkono Viwe vya Umeme: Kazi ya Mlango wa Gari la Zamani Pwani

Kabla hujanunua mota yoyote, kaa ndani ya gari uzungushe kioo kwa mkono, juu mpaka chini, mara tatu. Kikienda laini mwanzo mpaka mwisho, kazi iliyobaki ni ya waya. Kikikwama katikati, kikilalia upande mmoja, au ukilazimika kukisukuma kwa kiganja kwenye sentimita za mwisho, gari hilo bado halijawa tayari kwa umeme. Mota ikifungwa kwenye kioo kizito huvuta ampea nyingi, hupata joto, na meno ya nailoni yaliyo ndani ya gia yake huanza kulika. Wengi huogopa waya, lakini kinachoangusha kazi hii mara nyingi ni reli ya kioo.

Malindi reli hizo huchoka haraka. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na ukitoka upande wa Marafa unarudi na mchanga mwekundu. Vyote viwili hujikusanya kwenye ufito wa manyoya unaoshika kioo, vikachanganyika na grisi ya zamani, vikawa kama msasa. Ukipitisha kidole ndani ya reli kikitoka na uchafu wa rangi ya kahawia unaokwaruza, toa ufito wote uweke mpya. Usiujaze grisi. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira na kukamata mchanga zaidi. Tumia silikoni ya kupulizia. Grisi nyeupe ya lithiamu iache kwa ajili ya chuma: mikono ya winda (mtambo ulio ndani ya mlango unaopandisha na kushusha kioo), pini na roli zake.

Tazama pia gari lenyewe. Land Rover za Series zina vioo vya kuteleza kwenye mfereji, havizungushwi, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu. VW Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na mota za kawaida ni za volti 12. Hapo lazima ubadilishe kwanza mfumo mzima wa umeme. Magari kadhaa ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yana erthi ya upande chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Mota tupu haijali hilo, itageuka upande mwingine tu. Kisanduku cha elektroniki cha kit (seti ya mota na vifaa vyake), kile cha kupandisha kioo kwa mguso mmoja, kikiunganishwa kinyume huungua papo hapo.

Njia ya kubadilisha ni mbili. Ya kwanza ni kit ya kuzungushia winda ya asili: mota inakaa ndani ya mlango na kushika kile kijiti chenye meno ambacho mkono wa kuzungushia ulikuwa umekaa juu yake. Ya pili ni kutoa winda yote na kuweka ya umeme kutoka gari jingine. Kwa gari unalolipenda jinsi lilivyo, chukua ya kwanza. Winda ya asili inajua mwendo na mlalo wa kioo chako, na siku ukitaka kurudisha mkono unarudisha. Winda ya gari jingine huleta mashimo mapya, kuchomelea, na kioo kinachopanda kikiwa kimeinama. Ifikirie pale tu meno ya winda yako yamekwisha na mpya haipatikani.

Pima kabla ya kulipa. Fungua paneli ya mlango, shusha kioo mpaka chini kabisa, kisha pima nafasi kati ya kioo na bati la ndani. Kata kipande cha boksi chenye umbo la mota ukipachike mahali itakapokaa, halafu pandisha na ushushe kioo. Kipande kisiguswe na kioo wala na mikono ya winda, na ibaki angalau milimita 10 za hewa. Milango ya magari madogo ya zamani ni myembamba, na hapa ndipo watu hugundua kwamba kit waliyonunua haiingii.

Siku ya kazi, chomoa betri. Pandisha kioo mpaka juu na ukifunge kwa tepu pana, vipande vitatu, kutoka nje kupita juu ya fremu mpaka ndani. Kioo kisichoshikwa huporomoka mara winda inapolegezwa.

Sasa jambo la kuchunga kuliko yote. Winda nyingi za mkasi, zile zenye mikono inayopishana, zina springi iliyojikunja kama ya saa, inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukitoa gia ya mkono wakati springi ina nguvu, ile gia kubwa ya nusu duara hufyatuka na inaweza kukata kidole. Kabla ya kugusa ribiti hata moja, toboa tundu la milimita 6 linalopita kwenye ile nusu duara na bati lake kwa pamoja, pitisha bolti na ukaze nati. Bolti hiyo itoke tu baada ya mota kufungwa mahali pake na meno kushikana.

Ukifunga mota, elekeza tundu lake la waya chini, kwa sababu maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Ndivyo milango ilivyotengenezwa. Zibua vitundu vya maji chini ya mlango kwa waya mgumu. Kwenye magari yetu huwa vimezibwa na mchanga, na mlango unalala na maji ya chumvi siku nzima.

Waya kutoka bodi kwenda mlangoni hupita karibu na bawaba. Toboa tundu la milimita 20 kwenye nguzo ya bodi inayoshika bawaba na jingine kwenye mlango, lainisha kingo kwa faili, paka rangi ya kuzuia kutu na uisubiri ikauke, kisha vika mpira. Acha waya uning'inie kidogo kati ya matundu mawili, ili maji yadondokee chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Fungua na ufunge mlango mara kumi ukiutazama: usibanwe, usivutike.

Usitumie waya wa nyumba. Ule wenye uzi mmoja mnene hukatika baada ya muda kwa kukunjwa na mlango, na hukatikia ndani ya ganda, mahali usipopaona. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Ukipata ule wa vyombo vya bahari, wenye shaba iliyopakwa bati, lipa tofauti ya bei bila kusita. Shaba tupu hapa huota ukijani chini ya ganda. Unene uwe milimita 2.5 za mraba kwa kila mota, na 4 kwa njia kuu kutoka betri. Hesabu yake ni hii: mita 3 kwenda na 3 kurudi kwa waya wa milimita 1 ya mraba, mota ikivuta ampea 10, unapoteza takriban volti moja nzima njiani. Kwa waya wa 2.5 unapoteza karibu 0.4.

Swichi ndogo za kit hupitisha umeme wote wa mota, na chumvi ikizifikia midomo yake huungua. Weka relei mbili za miguu mitano (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) kwa kila mota, chini ya dashibodi wala si mlangoni. Mguu wenye namba 30 wa kila relei uende kwenye waya mmoja wa mota, 87a uende erthi, 87 uende chanya yenye fyuzi. Swichi itapeleka umeme mdogo tu kwenye 86, na 85 iende erthi. Swichi ikiachwa, nyaya zote mbili za mota zinakuwa erthi na mota inasimama hapo hapo. Ukibonyeza juu na chini kwa pamoja, hakuna shoti.

Fyuzi kuu ya ampea 30 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Kila mlango upewe kikata-umeme cha ampea 20 kinachojirudisha chenyewe. Kioo chepesi huvuta takriban ampea 5 hadi 8 kikipanda, lakini kikigota juu mota huruka hadi 20 au zaidi, na fyuzi ya kawaida itakuchosha kwa kukatika.

Umeme wa swichi uutoe kwenye waya unaowaka kwa ufunguo tu. Kwanza ni kwa sababu ya watoto: mota haina huruma na shingo wala vidole. Pili, wenye magari wanaoishi kisiwani Lamu huyaacha Mokowe siku nyingi, na betri isikutane na kitu kinachoinyonya wakati wote huo.

Jaribu injini ikinguruma, kabla ya kurudisha paneli. Kioo cha mbele kipande kwa sekunde 4 hadi 6. Kikishuka vizuri na kupanda kwa kujikokota, pima volti kwenye mota yenyewe inapofanya kazi. Chini ya 11 tafuta erthi mbovu kwanza. Kikipunguza mwendo mahali pale pale kila mara, legeza bolti za reli, pandisha kioo mpaka juu kijipange, kisha uzikaze kikiwa hapo. Relei ikilia bila kioo kusogea, ni erthi au kiungo cha bawabani. Mota ikizunguka kwa sauti ya kukwaruza na kioo kimesimama, nailoni imelika, nawe rudi kwenye reli kabla ya kununua mota nyingine. Gari lenye dainamo badala ya alternata litapandisha kwa uvivu injini isipokanyagwa mafuta, na hilo si kosa la mota.

Rekebisha kizuizi cha juu kiguse sawasawa na kioo kufika kwenye mpira, la sivyo mota itakuwa inavuta fremu ya mlango kila siku. Halafu rudisha karatasi ya nailoni nyuma ya paneli, nzima, ukiigandisha pembeni zote na kuingiza ncha yake ya chini ndani ya mlango. Wengi huichana na kuitupa, na mwezi mmoja baada ya masika paneli ya mbao imevimba. Mikono ya asili ifunge kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo, pamoja na klipu zake, uiweke ndani ya buti.