Kabla hujaomba upekuzi wa hati ya nyumba

Mdogo wangu alipotaka kununua nyumba Kigamboni, Dar es Salaam, dalali alimrushia picha ya hati kwenye simu. Picha ilikuwa imekatika pembeni, herufi ya kitalu, yaani kundi la viwanja ambamo nyumba imo, ikabaki nusu: ukiitazama hivi ni E, ukiitazama vile ni F. Tukaandika E kwenye maombi ya upekuzi, yaani kuiomba ofisi ya ardhi ituangalizie daftari lake linasema nini juu ya kiwanja. Majibu yalipotoka, jina la mmiliki halikuwa la muuzaji, na mdogo wangu hakulala usiku ule akijua ametapeliwa. Kumbe tulikuwa tumepekua kiwanja cha mtu mwingine kabisa, na ada ikaenda bure.

Kwa hiyo kabla ya kwenda ofisi ya ardhi, dai kuiona hati yenyewe, si picha wala nakala. Ishike mkononi, uandike mwenyewe namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu, eneo, ukubwa, jina la mmiliki kama lilivyoandikwa, na tarehe miliki ilipoanza. Miliki hutolewa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na nyumba yenye miaka minane iliyobaki haiwezi kuwa na bei moja na yenye sitini. Kisha fungua kurasa za nyuma, zile watu wasizozisoma. Huko ndiko hupigwa mihuri ya mambo yaliyosajiliwa juu ya kiwanja: uhamisho, rehani, kufutwa kwa rehani. Ukiona muhuri wa rehani na huoni wa kuifuta, muulize muuzaji hapo hapo.

Muuzaji akikwambia hati iko benki, basi ameshakujibu nusu ya swali. Nyumba ina rehani. Hilo peke yake si sababu ya kukimbia, watu wengi huuza ili wamalize mkopo. Ila unahitaji barua ya benki inayotaja deni lililobaki, na fedha ya deni iende benki moja kwa moja, isipitie mkononi mwa muuzaji. Wengine huapa kwamba mkopo waliumaliza zamani. Huenda ni kweli, lakini deni kulipwa na rehani kufutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati ni vitu viwili. Mpaka benki itoe hati ya kuifuta na Msajili aisajili, nyumba bado imefungwa.

Maombi yenyewe si magumu. Unapeleka kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi inayohusika na mkoa ilipo nyumba, ukiwa na nakala ya hati na zile taarifa ulizoandika. Ada unailipa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikutaka umpe taslimu ili akuharakishie, mkatalie, maana unachokitafuta ni karatasi ambayo mahakama itaiamini, na karatasi ya njia ya mkato haina wa kuitetea. Utakachopata ni majibu yenye saini na muhuri yanayoonyesha mmiliki aliyesajiliwa ni nani, na kama kuna rehani, pingamizi lililowekwa na mtu anayedai haki kwenye nyumba, au zuio la mahakama. Usiyapokee majibu aliyokuja nayo muuzaji, hata yawe na mihuri kumi. Omba yako.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa: majibu hayo yanasema kilichomo kwenye daftari, basi. Kama muuzaji ana barua ya toleo tu, ile ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati, au leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, daftari la hati halitakuwa na la kukwambia. Hapo itabidi ukaulize jalada la kiwanja ardhi wilayani na kwenye halmashauri, na uwaulize majirani, hasa wazee, maana wao ndio wanaojua nani alizika nani na nani aligombana na nani juu ya mpaka. Kama aliyeandikwa kwenye hati amefariki, usizungumze bei na mtu mpaka uone barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Mtoto mkubwa wa marehemu si msimamizi kwa kuwa mkubwa. Na kama mmiliki ni kampuni, kapekue pia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ambako madeni yaliyowekewa mali ya kampuni husajiliwa.

Mwenzi wa ndoa nampa nafasi yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni moja. Sisi tuliporudi na herufi sahihi, F, majibu yalionyesha muuzaji ndiye mmiliki, hakuna rehani, lakini kuna pingamizi. Lilikuwa la mkewe. Tulikwenda kumwona, akatukaribisha vizuri, akatuambia hakuwa na habari kwamba nyumba inauzwa. Alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua mchele, na mkono haukusimama alipokuwa akisema hivyo. Nawaza wangapi hawajui kwamba wanaweza kuweka pingamizi, na nyumba zao zinauzwa huku wakipika chai ya wageni wasiowajua. Hata daftari likiwa safi, nenda uonane na mwenzi, na ridhaa yake iwe ya maandishi mbele ya wakili.

Kodi nazo usizisahau. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa sababu kutolipa ni kuvunja masharti ya hati na miliki inaweza kufutwa. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo nyumba iliyokaa muda mrefu bila kununuliwa umeme iulizie malimbikizo. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, ni ya muuzaji, lakini bila uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, uhamisho hausajiliwi. Kubalianeni mapema italipwa lini na kutoka fungu gani.

Mwisho ni tarehe. Majibu ya upekuzi ni ya siku yalipotolewa. Rehani inaweza kusajiliwa kesho yake. Kwa hiyo tenga fedha ya kupekua mara mbili: unapoanza mazungumzo, na siku chache kabla ya kulipa. Sisi ilibidi iwe mara tatu kwa sababu ya ile herufi. Mke wa muuzaji alikubali baada ya wiki tano, akasaini mwenyewe kwa wakili na kuondoa pingamizi, na majibu ya tatu yalipotoka Jumanne, mdogo wangu alilipa Alhamisi.